Mkunga aliyeikana rejista yake mwenyewe

Saa mbili kasorobo asubuhi, benchi la mbao nje ya chumba namba nne limeshajaa hadi watu wanakalia nusu nusu. Ndani, mwanamke wa makamo mwenye gauni jeupe la uuguzi na sweta la bluu anafuta meza kwa kitambaa. Anapanga kalamu mbili na daftari moja nene, kisha anapaza sauti: "Wa kwanza na aje, na aibu aiache hukohuko nje!"

Anaingia mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka mitatu mgongoni.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Bwana mkubwa huyu ana nini?"

"Anaanguka."

"Haya, tutafika huko. Kwanza niambie, siku anazaliwa, nani alikuwepo?"

Mama anamtazama kama mtu aliyekosea mlango. Kaja kueleza kuanguka, anaulizwa habari za miaka mitatu nyuma. Anasema alikuwepo mkunga, na dada yake alikuwa nje dirishani.

"Alilia?"

"Alilia."

"Alilia lini? Kitovu kilikuwa kimeshakatwa? Kondo la nyuma limeshatoka? Wewe umeshafutwa?"

"Hapana, alilia hata sijamwona. Dada alimsikia kule nje akaanza kucheka."

Mkunga anaandika. Hivyo ndivyo anavyopima dakika kwa watu ambao siku ile hawakuwa na saa wala nafasi ya kuitazama. Mama aliye kwenye uchungu hahesabu dakika, lakini anakumbuka nani alifanya nini na nini kilifuata nini. Kama kondo lilishatoka na mtoto bado kimya, mkunga anajua kimya hicho hakikuwa kifupi.

Kwa mtoto huyu, kuzaliwa hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuja baadaye, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Homa ilianza Jumatatu, degedege likamshika Alhamisi. Siku zote hizo alikuwa nyumbani kwa sababu baba alikuwa safarini na bibi yake alisema ni meno yanaota. Kumbe ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Alilala siku mbili bila kujitambua, na miezi minne baada ya kupona akaanza kuanguka.

"Meno!" anasema mkunga, akitikisa kichwa. "Meno yamesingiziwa mengi dunia hii." Kisha anamgusa mama mkono. "Sikulaumu, mwanangu. Naandika tu, daktari ajue pa kuanzia."

Wagonjwa na wafanyakazi humwita Mama Dakika. Ana umri wa miaka hamsini na minane, na thelathini na moja kati ya hiyo amekuwa mkunga. Kila Alhamisi hukaa kwenye meza hii ya kliniki ya kifafa, na siku nyingine hupima uzito wa watoto na kupanga mafaili. Chumba cha kujifungulia, ambacho wote hapa wanakiita leba, kiko ng'ambo ya ukumbi huohuo. Kutoka mezani anasikia watoto wakilia. Haruhusiwi kuingia.

Amefungiwa kwa miezi kumi na minane, na kosa lake alilisema mwenyewe.

Ili kulielewa kosa hilo, lazima mtu aelewe namba mbili: nane na kumi. Mtoto anapozaliwa, mkunga humpa alama kwa kuangalia pumzi, mapigo ya moyo, rangi, kulegea au kukakamaa, na jinsi anavyoitikia akiguswa. Hupewa alama katika dakika ya kwanza, akapewa tena katika dakika ya tano. Kumi ndiyo juu kabisa. Mtoto mwenye alama tatu au nne ni mtoto aliye hatarini.

Katika leba ile, kwa miaka mingi, karibu kila mtoto alipata nane, kisha kumi.

"Ilikuwa kama shikamoo na marahaba," anasema Mama Dakika. "Hufikirii, unajibu tu. Nane, kumi. Alilia mara moja, ndiyo. Mstari unaofuata, nane, kumi."

Anaeleza bila kujitetea sana. Zamu moja ilikuwa na wakunga wawili na wazazi kumi, kumi na mmoja. Rejista haikuandikwa mtoto anapotoka, iliandikwa zamu ikiisha, kikombe cha chai mkononi, yote kwa mkupuo. Nani angekumbuka mtoto wa nne alikuwa na rangi gani?

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo wakunga wenzake hawapendi alitaje. "Ukiandika tatu, unajaza fomu ya kurasa nne halafu metroni anakuita ujieleze. Ukiandika nane, unavaa viatu vyako unakwenda nyumbani. Sasa niambie, wewe ungeandika ngapi?"



Alhamisi moja, miezi kumi na tisa iliyopita, karani wa kliniki ya kifafa aliugua. Mama Dakika, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, aliazimwa kutoka leba akae mezani kwa siku moja. Akaingia mama kijana na binti wa miaka tisa. Nyuma yao alikuwa mama mkwe wake, amefunga mikono kifuani.

Nyumbani binti huyo wanamwita Mwalimu, kwa sababu tangu ana miaka minne huwapanga wadogo zake sakafuni na kuwafundisha, na asiyesikiliza husimamishwa ukutani. Alianza kuanguka akiwa na miaka miwili. Shuleni aliangukia kwenye kona ya dawati akapasuka nyusi, na uongozi ukawaambia wazazi wakae naye nyumbani mpaka apone. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima. Dawa alikuwa hajawahi kupewa hata kidonge kimoja, kwa kuwa familia ilikuwa bado inabishana ugonjwa umetoka wapi.

Daktari wa kliniki, kijana makini, aliagiza rejista ya zamani itafutwe stoo. Ikaletwa na vumbi lake. Akasoma: nane, kumi, alilia mara moja.

"Kuzaliwa hakukuwa na shida," akasema. "Upande wa mama yuko mwenye ugonjwa huu?"

Yuko. Kaka wa huyo mama huanguka. Alianza baada ya kudondoka kutoka juu ya paa alipokuwa fundi, lakini mama mkwe hakungoja sehemu hiyo ya maelezo.

"Si nilisema!" Mama mkwe alipiga makofi mara moja. "Si nilisema mimi? Damu ya kwao hiyo! Miaka yote naambiwa nina mdomo!"

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipokuwa. Mwezi mmoja kabla, yule mama kijana alikuwa ameshaondoka kwa mumewe, anaishi kwa dada yake na watoto. Kikao cha familia kilikuwa kimepangwa Jumapili, na kila mtu alijua kitaamua nini: arudi kwao moja kwa moja, na Mwalimu wake.

"Hakulia, daktari," mama alisema. "Huyu hakulia. Kondo lilikuwa limeshatoka, nimeshabadilishiwa shuka, bado yuko kimya. Sista mmoja alivua viatu akakimbia peku kwenda chumba cha upasuaji kuleta kile kifaa cha kumpulizia. Akaanguka mlangoni. Nilimwona kwa macho yangu."

"Kitabu kinasema alilia," mama mkwe akajibu. "Wewe na kitabu, nani mkweli?"

Mama Dakika anasimulia kwamba alikuwa ameshautambua mwandiko. Nane yake ina mkia. Mtoto hakumkumbuka, wala mama, wala siku. Lakini aliposikia habari ya kuanguka mlangoni, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye goti.

"Nilichubuka vibaya siku ile, nikachechemea wiki nzima. Nilimkumbuka mtoto kwa goti langu, si kwa uso wake. Nakwambia ukweli, nilijisikia vibaya sana."

Kilichofuata alikisema akiwa amekaa, kwa sauti ya kawaida. Alisema kitabu hakijui kitu. Alisema yeye ndiye aliyeandika, na hakutazama saa. Mtoto huyu hakulia. Walimpulizia hewa dakika saba au nane kabla hajaguna, na ukurasa ule mzima, watoto kumi na wanne, aliujaza mwisho wa zamu bila kufikiri.

Mama mkwe, taratibu, akauliza swali ambalo Mama Dakika anasema analisikia mpaka leo.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimemsimanga mkwe wangu kwa kalamu yako?"

"Ndiyo, mama."

Daktari anaikumbuka siku hiyo vizuri, na anaieleza kwa tahadhari. "Siwezi kuapa kwamba dakika zile ndizo zilizoleta kifafa. Wapo watoto waliochelewa kulia wakakua salama. Ninachojua ni kwamba zinaweza, na kwamba sikuwa na haki ya kurukia habari ya damu. Na mjomba aliyeanguka kutoka paani si ushahidi wa kurithi. Huyo aliumia kichwa."

Anasema kifafa kipo kila mahali duniani, kwa tajiri na kwa maskini. Tofauti ni kwamba penye umaskini kina milango mingi zaidi ya kuingilia: uzazi mgumu usio na msaada wa haraka, malaria kali, homa ya uti wa mgongo inayocheleweshwa nyumbani, ajali za kichwa, na mayai ya tegu wa nguruwe yanayofika kwenye chakula pale vyoo visipokuwepo au mikono isiponawiwa. Kifafa kingine ni cha kurithi, na kingine mpaka leo chanzo chake hakipatikani.

"Mingi ya milango hiyo inaweza kufungwa," anasema. "Lakini hufungi mlango usiojua kama uko wazi. Ndiyo maana ile nane iliniuma."

Mama mkwe hakuomba radhi siku ile. Aliomba karatasi. Alikuwa amemsema mkwe wake mbele ya watu kumi na mmoja, akasema, hawezi kwenda kujikosoa Jumapili kwa mdomo mtupu. Yaandikwe, na yapigwe muhuri.

Mama Dakika aliandika. Muhuri ulikuwa kwa mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo alisoma kabla ya kupiga.

"Dada, si ungesema umesahau?" mkunga mwenzake alimuuliza jioni ile kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Miaka tisa! Nani angekushika?"

Si hilo tu lililowaudhi wenzake. Karatasi ile ilisema "ndivyo tulivyozoea kuandika", na hilo neno liliwagusa wote. Wapo waliokaa miezi mitatu bila kumsalimia. Mmoja alihamisha kikombe chake kutoka kwenye kabati la pamoja.

Kamati ya nidhamu ilikaa baada ya wiki sita. Ilimwondoa leba kwa miezi kumi na minane, na kwa kuwa huku kwenye kliniki hakuna zamu za usiku, akapoteza posho zake, karibu theluthi ya kipato. Ana wajukuu wawili anaowasomesha. Aliuza cherehani yake, akaacha kununua nyama siku za kazi, akaanza kuja kwa miguu, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi.

"Mume wangu alinitania, akasema njia ya mwongo ni fupi," anasema. "Nikamwambia ya kwangu ilikuwa na urefu wa miaka tisa, na sasa naitembea yote."

Anacheka, halafu anaacha kucheka.

"Mimi sikumpa yule mtoto kifafa. Nilifanya kazi usiku ule, nilikimbia, alipona. Lakini kama ningeandika tatu, angepewa kadi ya kufuatiliwa. Alipoanza kuanguka na miaka miwili, mtu angeifungua kadi akasema, aa, huyu tunamjua. Angepata dawa. Nilimnyima miaka saba kwa kuogopa fomu ya kurasa nne. Hilo si la kusamehewa na kamati. Nitasamehewa na nani?"

Leba nayo ilibadilika, ingawa si kwa furaha. Saa kubwa ilitundikwa ukutani. Kifaa cha kupulizia hewa sasa kiko kimoja kwenye kila kitanda, na mtoto anapotoka, mmoja wa wakunga lazima ataje saa kwa sauti na kuandika palepale. Mwaka wa mwisho wa "nane, kumi", watoto wenye alama za chini walikuwa wawili. Mwaka uliofuata wakawa thelathini na wanane.

Ripoti ilipofika juu, mkubwa mmoja alipiga simu kuuliza kwa nini watoto wa kituo hiki wameharibika ghafla.

"Hawakuharibika, mheshimiwa," mkuu wa kituo alijibu. "Tumeanza kuwatazama."

Hao thelathini na wanane wote wana kadi. Wanane wameshaanza kuonyesha dalili, na wanane hao wanatumia dawa.

Kwenye daftari lake nene, Mama Dakika ameandika watoto mia moja na kumi na wawili waliopita mezani kwake. Kwa kila mmoja ameweka chanzo kinachoelekea zaidi, baada ya daktari kukubali. Thelathini na wanne walizaliwa kwa shida. Ishirini na tisa walianza baada ya homa kali. Wanane waliumia kichwa. Kumi na mmoja wana ndugu wa damu wenye ugonjwa huo. Sita wanatoka nyumba zinazofuga nguruwe bila choo, na bado wanasubiri vipimo. Ishirini na wanne ameandika "hatujui". Hili ni daftari la mezani, si utafiti, na mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo.

"'Hatujui' nayo ni jibu," anasema. "Zamani ningejaza kitu tu pasibaki wazi."

Anauliza maswali yake kwa utani, na anatoa maonyo kwa ukali. Baba mmoja leo anakiri kwamba mtoto akianguka humtia kijiko mdomoni.

"Cha nini? Unampa uji?"

"Asijing'ate ulimi, sista."

"Ulimi utapona, jino halioti tena. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, legeza nguo shingoni, utazame saa. Zikizidi dakika tano, mlete mbio. Kijiko kaa nacho jikoni."

Benchi zima linacheka, na baba naye anacheka.

Saa nne na nusu anaingia Mwalimu. Ana miaka kumi na nusu sasa, mrefu, kovu dogo kwenye nyusi. Ameshika mfuko wa dawa mwenyewe. Mara ya mwisho kuanguka ni miezi minne iliyopita, alipokosa dawa siku mbili kwa sababu stoo ilikuwa tupu. Yuko shuleni, darasa moja nyuma ya wenzake, kiti cha mbele.

"Umemeza ya asubuhi?" mkunga anauliza.

"Nimemeza. Na wewe umekunywa chai? Maana mara ile ulisema hujanywa ukawa mkali."

"Mnamwona? Ndiyo maana wanamwita hivyo."

Mama yake yuko nyuma, anatembea taratibu. Alirudi kwa mumewe wiki moja baada ya kile kikao, ambako karatasi ilisomwa mara mbili, ya pili na mama mkwe mwenyewe. Sasa ana mimba ya miezi minane. Na anaogopa.

"Siogopi uchungu," anasema. "Naogopa kile kimya."

Wiki iliyopita mama mkwe alikwenda ofisini kwa mkuu wa kituo bila kumwambia mtu. Alisema mkwe wake atajifungulia hapa, na mkunga anamtaka yuleyule.

"Aliyekosea?" mkuu wa kituo alimuuliza.

"Aliyesema. Waliokosea nimeambiwa mlikuwa wengi."

Mkuu wa kituo anathibitisha maneno hayo, na anasema hawezi kupunguza adhabu hata kwa siku moja. Miezi kumi na minane inaisha baada ya wiki tatu. Mama huyo anatarajiwa kujifungua siku sita baadaye.

"Siku sita," anasema Mama Dakika, akizihesabu kwa vidole. "Lakini mimba haisomi kalenda. Akija mapema, nitakaa hapa mezani nisikie kupitia ukuta kama mtu mwingine yeyote. Naomba asije mapema. Naomba kila siku."

Amebakiza miaka miwili kustaafu. Anataka aimalizie leba, na anataka kila mkunga mpya apite kwanza mwezi mmoja kwenye meza hii, awaone watoto kabla hajapewa kalamu ya rejista. Ombi hilo ameliandika, na bado halijajibiwa.

Anaulizwa kuhusu siku hiyo ikifika, akiwa ndani, mtoto akatoka.

"Akilia palepale, nitaandika amelia, na nadhani nitalia na mimi."

Na asipolia?

Anafunga daftari, anaweka viganja vyote viwili juu yake.

"Nitampulizia mpaka apumue. Halafu nitaandika alama aliyoipata, hata kama ni moja, nimsomee mama yake nilichoandika. Akisema ni kweli, ndipo nitaweka saini."